Bao la mninga la fundi wa mtaani, nimekaa nalo masika nzima na mzee wangu, haya ndo maoni yangu

Tangu masika yaanze nyumbani kwetu swali ni moja tu, "imekata?" Mzee anauliza akiwa kitandani, anauliza akitoka kutawadha, anauliza kashika pazia la sebuleni anachungulia nje, na jibu kila siku ni lile lile, bado baba, inanyesha. Ana miaka 78, mtu wa reli huyo, kastaafu zamani, na ratiba yake tangu astaafu haijabadilika, asubuhi redio, mchana anajinyoosha kidogo, akishaswali alasiri anachukua bakora anaenda kijiweni chini ya mwarobaini kwenye bao na kahawa, magharibi karudi. Sasa masika haya kijiwe kimekuwa bwawa, wanaocheza pale ni vyura, na mwaka jana aliteleza kwenye tope palepale akaumia nyonga, haikuvunjika alhamdulillah ila alilala wiki tatu, basi mama katoa amri, mvua ikinyesha hakuna kutoka. Na masika ya Dar mnayajua wenyewe, Machi mpaka Mei, ikiamua inanyesha mpaka pale Jangwani panajaa maji na basi za mwendokasi zinasimama, sasa mtu wa miaka 78 na bakora ataenda wapi.

Naandika hii kwa sababu mimi nilipokuwa natafuta kitu cha kumpa mzee sikupata mtu aliyeeleza vizuri, wengi wanaweka picha na bei halafu basi, njoo inboksi. Mimi ntaeleza yote, mazuri na yaliyonikera, mana hela nimetoa mwenyewe na fundi hajui hata kama naandika.

Kabla ya bao tulishakosea sana. Kwenye grupu letu la familia la WhatsApp kila mtu alikuwa na wazo lake. Dada yangu aliyeko Muscat katuma ile michezo ya vipande, unaunganisha vipande 1000 unapata picha, na picha yenyewe ni ngome ya wazungu kwenye theluji. Mzee kaitazama, kageuza boksi mbele na nyuma, akauliza, "hii nikimaliza napata nini?" Nikamwambia unapata picha baba. Akasema "si hii hapa juu ya boksi?" Na hapo ndo ilipoishia, boksi lipo juu ya kabati mpaka leo. Kaka akaja na simu, kamwekea drafti na ludo, siku ya kwanza akafurahi, siku ya pili katikati ya mchezo likatokea tangazo la kubeti limejaa skrini nzima, mzee akabonyeza akidhani ni zamu yake, akajikuta sijui wapi huko, kairudisha simu mezani na hakuigusa tena. Halafu herufi ndogo, halafu umeme ukikatika na kipindi cha mvua unakatika mara kwa mara, chaji ikiisha mchezo umeisha. Karata tulijaribu, mzee anacheza vizuri tu ila vidole vyake vina baridi yabisi, kushika karata kumi mkononi zikae kama feni hawezi, zinamdondoka tunaona kopa zake zote.

Mimi nilijua toka mwanzo anataka nini. Anataka bao. Sio kitu kama bao, bao lenyewe. Nikasema kama hawezi kwenda kijiweni basi kijiwe kije sebuleni.

Sasa bao la kwanza nililonunua ni aibu nalieleza ili usirudie kosa langu. Nililipata duka moja la vinyago, lile la watalii, elfu 45, linakunjwa katikati na bawaba kama kitabu, dogo zuri linang'aa jeusi, muuzaji kaniapia ni mpingo. Nililibeba kwa mkono mmoja, na hapo ningeshtuka, mana mpingo ni mzito kama chuma. Nimefika nyumbani mzee kalipokea kwa mikono miwili, kalipima, kalinusa, kasema "kiwi." Kumbe limepakwa kiwi ya viatu juu ya mti mwepesi tu. Robo saa baadae vidole vyeusi na kanzu nyeupe ina alama za vidole kama kituo cha polisi. Mashimo yake madogo, mafupi, ukiweka kete sita ya saba inamwagika. Kete zenyewe ni gololi za kioo, yaani gololi jamani, bao limekunjwa mara moja zikaenda chini ya kochi, chini ya friji, moja tuliikuta bafuni. Na kubwa kuliko yote, halina nyumba. Mashimo yote ya duara, pembeni kuna mashimo mawili makubwa ya kuwekea sijui nini. Mzee akauliza "nyumba yangu iko wapi?" nikabaki naangalia dari.

Kwa wasiocheza nieleze kidogo mana hapa ndo mnunuzi anapopigwa. Bao letu la Kiswahili, lile la Unguja na mwambao, lina mashimo 32, mistari minne, kila mstari nane, mistari miwili yako na miwili ya mwenzio. Kete ni 64, kila mtu 32. Kwenye mstari wako wa mbele shimo moja linachongwa pembe nne, kubwa kuliko mengine, hilo ndo linaitwa nyumba, unaanza kwa kuweka kete 6 humo, kulia kwake mashimo mawili unaweka mbili mbili, jumla 10, zinazobaki 22 unazo mkononi unaingiza moja moja kila zamu. Hatua hiyo ndo kunamua. Zikiisha mkononi mnaingia mtaji, hapo mnacheza na zilizomo baoni tu, na ukimaliziwa kete za mstari wa mbele huna chako. Kwa hiyo bao lisilo na nyumba ni kama kiti kisicho na pa kukalia. Ukiona dukani bao lina mistari miwili tu, au mashimo yote yamefanana na yana mabakuli pembeni, hilo ni pambo, weka juu ya tivii, mzee wako usimpelekee.

Basi nikaenda kwa fundi. Huyu ni fundi seremala wa kawaida huku kwetu Tabata, anatengeneza vitanda na milango, hana duka, ana turubai na meza. Nilimpata kwa kuulizia kijiweni kwa mzee, wale wazee wakaniambia lile bao letu alichonga yeye, nenda kamwambie unataka kama lile. Ushauri wangu wa kwanza kwa mtu yeyote ndo huo, usitafute muuza bao, tafuta wachezaji uwaulize wanacheza juu ya bao la nani.

Fundi hakuniuliza rangi wala nakshi. Aliuliza "mzee mikono yake ikoje?" Nilishangaa kidogo, nikamwambia vidole vimekakamaa. Akasema basi mashimo ntayapanua na midomo yake ntailaza, yaani ukingo wa shimo usiwe wima, uwe mteremko kama bakuli, ili mtu akizoa kete azifagie kwa vidole vyote vinne bila kudonoa. Aisee jambo dogo hilo ndo limefanya kazi yote. Mzee hadonoi kete, anakokota. Kwenye lile bao la kiwi alikuwa anahangaika na gololi moja mpaka jasho.

Vipimo vyake kwa wanaotaka kuchongesha: urefu kama sentimita 75, upana 38, mbao ya nchi mbili, mninga. Mbao ya upana huo kipande kimoja ni shida kupata, kaunganisha mbili kwa gundi na mambo za mti, na ujanja wake ni kwamba kiungo kakiweka katikati kabisa, kwenye mpaka kati ya mstari wangu wa mbele na wako, kwa hiyo hakipiti ndani ya shimo lolote. Mimi nilikiona nilipoonyeshwa. Uzito nilipima kwenye mzani wa duka la unga, karibu kilo 7. Hilo ni zuri na baya, zuri kwa sababu halitembei mezani mzee akitupa kete kwa hasira, baya kwa sababu mama hawezi kulibeba, kila siku lazima mtu alishushe na kulipandisha. Sasa hivi tumekata shauri, linakaa mezani moja kwa moja, chakula tunakula kwenye mkeka.

Bei, mbao na ufundi 120,000. Najua kuna mtu atasema ghali. Lile la kiwi elfu 45 lilidumu siku moja, piga hesabu mwenyewe.

Kete ni komwe, na hapa nawaomba msikubali kitu kingine. Komwe zinatoka kwenye mkomwe, mmea wa miba unaotambaa huko ufukweni, mbegu zake za kijivu, ngumu kama jiwe, laini kama zimepigwa msasa. Hazipasuki, hazitelezi, zikiingia shimoni zina ule mlio wake tok tok tok ambao mzee anasema anasikia kete ngapi zimeingia bila kutazama, mi nilidhani utani mpaka aliponiambia "umeweka mbili hapo, rudisha moja" huku anatazama dirishani. Nilipata kopo zima kwa elfu 5 kwa mama mmoja aliyeniletea kutoka kwao pwani, zipo kama 90, za akiba muhimu sana, mjukuu wa miaka mitatu kashaficha nne kwenye kiatu cha babu yake. Angalizo, kama una mtoto mdogo nyumbani kete zihesabiwe kila mchezo ukiisha, 64 zirudi kopo ndo watu waondoke, usicheze na hilo, mtoto akiweka mdomoni hiyo sio bao tena.

Lililonikera sasa. La kwanza vanishi. Nilimwambia fundi nataka iwe inang'aa, kosa langu, yeye hakutaka, nikalazimisha. Mvua zile na unyevu ule vanishi haikukauka wiki nzima, mkono ukikaa unanata, ukiinua unasikia chwaa, na kete nazo zinashika shimoni. Mwishowe nikalirudisha kalipiga msasa lote upya, akalifuta kwa kitambaa chenye mafuta kidogo basi, na ndo lilitakiwa liwe hivyo toka mwanzo, mninga una rangi yake hauhitaji mapambo. Kazi hiyo ya pili hakunitoza kitu ila alinitazama tu. La pili, niliomba kidroo chini cha kuwekea kete, wazo langu tena, mbao imevimba kwa unyevu droo haifunguki tangu Aprili. Kuna komwe tatu humo ndani zimefungwa kifungo cha maisha. Usiweke droo, kopo la maziwa linatosha. La tatu alichelewa, alisema siku nne zikawa kumi na mbili, lakini nyie mmeshaona fundi aliyewahi?

Haya, tuje kwenye kucheza kwenyewe, mana bao bila mchezaji ni ubao.

Jioni ya kwanza nilicheza nae mimi. Mimi bao nalijua kijuujuu, kunamua najua, kula najua, yaani kete yako ikianguka kwenye shimo lako lenye kete na mbele yake kwa mwenzio kuna kete unazila, unazirudisha upande wako unaanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la mstari wa mbele, sawa. Lakini mzee anaona mbali. Mimi naona shimo la kula naruka, yeye anasema "usile kwa njaa," nakula, baada ya zamu mbili nyumba yangu yote kaibeba. Kanifunga tano mfululizo na kila akinifunga anapanga upya bila hata kutabasamu, kama mtu anayeosha vyombo.

Nikafanya upumbavu mwingine. Nikaona labda furaha yake ni kushinda tu, basi nikaanza kumwachia makusudi, kuna mahali naona kabisa naweza kumla nikapita pembeni nikatakata, yaani nikasogeza kete bila kula. Mara ya tatu akaweka mikono juu ya bao, akalifunika, akaniambia taratibu, "mwanangu, mimi sio mgonjwa. Ukitaka kunibembeleza niletee uji." Akaenda kulala saa mbili usiku. Nilikaa pale na komwe zangu nimejisikia vibaya kweli kweli, mana nilikumbuka ule mchezo wa vipande, ile ludo, vyote vile tulikuwa tunatafuta kitu cha kumkalisha mzee atulie, kama mtoto anavyopewa kijiko achezee wakati mama anapika. Yeye hataki kutulizwa. Anataka mtu atakayemfunga akiteleza.

Na huyo nilimpata mbele ya nyumba yetu tu. Kuna babu nyumba ya tatu, wa kijiwe kilekile, naye amefungiwa ndani na wanae kwa mvua hizihizi. Nikamfuata na mwavuli mkubwa ule wa gofu, nikamshika mkono, hatua kama sitini hivi, nikamfikisha. Wazee wale hawakusalimiana hata vizuri, "umzima?" "mzima, panga." Basi. Walicheza toka alasiri mpaka isha, wameswali magharibi palepale mmoja imamu mmoja maamuma, wakarudi baoni. Kelele zile jamani! Anayeshuhudia angedhani wanadaiana shamba. "Nyumba inasafiri hiyo!" "Haisafiri, imelala!" "We ulilala wewe toka sitini na ngapi!" Umeme ulikatika saa moja hakuna aliyeuliza, mama kawasha taa ya chemli, wakaendelea, bao halihitaji chaji.

Siku hizi mwavuli nimeuacha mlangoni kabisa, alasiri ikifika mtoto wangu wa miaka kumi na moja ndo anaenda kumchukua yule babu wa nyumba ya tatu. Na huyo mtoto nae kaingia. Mzee kamwanzishia bao la kujifunza, lile rahisi, kila shimo kete mbili mbili yote 32 yamejaa, hakuna kunamua, mnaanza kucheza hapohapo. Wiki ya pili akataka bao kubwa. Sasa hivi ananifunga mimi. Nimekubali.

Nikamsomea mzee siku moja kwenye simu kwamba kuna Mholanzi, Alexander de Voogt, alikuja Zanzibar akakaa na mabingwa wa bao anawasoma wanavyofikiri, mpaka mwaka 1995 akapata udaktari kwao huko kwa kuandikia bao. Mzee kanyamaza sana. Halafu akasema "mimi nimecheza miaka hamsini sijapewa hata cheti cha mahudhurio." Yule mwenzie akadakia kwamba hata Mwalimu Nyerere alikuwa mtu wa bao, nchi aliiongoza na bao alicheza, wao wanaoambiwa wanapoteza muda ni kwa sababu gani. Hapo wakatoka kwenye bao wakaingia siasa za mwaka 1967, nikaondoka.

Kahawa nisiisahau mana ni sehemu ya huduma. Chai ya maziwa haiendi na bao, nimejaribu, wazee wanakunywa kwa heshima tu. Nikanunua dele dogo na vile vikombe vidogo visivyo na mkono, kahawa chungu na tangawizi, kashata anapika mama, ya karanga sio ya nazi kwa sababu ya nazi inanatisha vidole na kete zinaanza kugandana. Mvua, kahawa, tok tok, hata mimi nisiyejua bao nakaa.

Na mama je? Watu wengi wakiandika habari za wazee wanasahau kina mama, kama wao hawachoshwi na mvua. Mama ana 71, mtu wa Pangani, bao halimhusu, anasema kelele za wanaume. Alikuwa anashona kofia zamani, zile za viua, sasa macho hayamruhusu tundu za sindano. Nikamuagizia miyaa, yale majani ya kusukia mikeka, kutoka kwao, ikaja kwenye basi, fungu kubwa elfu 15 na usafiri, anasuka ukili. Nikamuuliza unaonaje gizani, akasema ukili hausukwi kwa macho, vidole vinajua. Na kumbe mvua ndo msimu wake, jua likiwa kali miyaa inakauka inakatika lazima uinyunyizie maji kila saa, kipindi hiki inakuwa laini yenyewe haikatiki. Ila usiihifadhi kwenye mfuko wa plastiki, yangu ya chini yote ilipata kuvu, ikatupwa, itandike mahali pa hewa. Ameshasuka ukili wa kutosha mkeka mmoja na nusu, anasubiri kiangazi aushone. Anakaa na redio yake chini ya dirisha, wale wanapigana baoni kule, kila baada ya muda anasema "punguzeni sauti nasikiliza vifo," yaani matangazo ya vifo, hapitwi na hata kimoja.

Kwa wanaotaka kufanya kama mimi, mambo machache niliyojifunza kwa kukosea. Meza iwe ya chini, mzee akikaa kiwiko kiwe juu ya bao sio chini yake, sisi tulikata miguu ya meza ya zamani ya kulia. Kiti kiwe na mgongo, sio stuli, mana mchezo mmoja mzuri unaweza kula saa nzima na nyonga zinalalamika. Taa itokee pembeni, ya juu inaweka kivuli cha kichwa ndani ya mashimo. Mkumbushe kunyoosha miguu kila mchezo ukiisha, mimi namtuma akachungulie mvua, anaenda. Na mletee mpinzani wa rika lake hata kama ni kumbeba mgongoni, wewe mwanae hutoshi, usijidanganye.

Maksi zangu: fundi na kazi ya mikono nampa 9 kwa 10, ile moja namkata kwa siku kumi na mbili. Vanishi na droo sifuri ila hizo ni zangu mimi. Komwe 10. Lile duka la kiwi sitalipa maksi, gololi bado tunaziokota.

Leo alasiri mvua imekata ghafla, jua limetoka kabisa, mitaa inang'aa, mpaka watoto wametoka na mpira. Nikakimbia sebuleni kwa furaha, nikasema baba, imekata! Mzee mkono uko juu ya nyumba ya mwenzie, kete kama kumi na nne mle ndani, hakuinua hata kichwa.

"Nani kakuuliza?"